Wenyeheri na Watakatifu wa Afrika Ambao Wengi Hatuwajui: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiuliza watu baada ya misa watakatifu wa Afrika ni kina nani utatajiwa Karoli Lwanga na Kizito, wachache watamkumbuka Augustino na mama yake Monika, basi hapo orodha inaishia. Wakati wapo wengi, na sehemu kubwa yao sio mapadre wala maaskofu, ni makatekista, walimu, watu wa ofisini, watoto wa miaka 14, yaani watu wa kazi na maisha kama yetu kabisa. Nimekusanya maswali ambayo yanajirudia sana kwenye jumuiya na vipindi vya dini, na mengine ambayo nadhani yangepaswa kuulizwa.

Simjui hata mmoja, nianze na nani?

Anza na Floribert Bwana Chui bin Kositi. Huyu ni kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, kazaliwa 13 Juni 1981, kasoma sheria, akaajiriwa kwenye ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia mpakani. Mwaka 2007 ukaja mzigo wa mchele umeharibika, haufai kuliwa na binadamu, wenye mzigo wakataka apitishe, wakatoa hela akakataa, wakapandisha dau akakataa tena, simu zikapigwa na watu wenye vyeo vyao nako akakataa. Hoja yake ilikuwa moja tu, hela itaisha haraka lakini hao watakaokula huo mchele itakuwaje? Julai 2007 akatekwa, akateswa, akauawa, mwili ukaokotwa siku chache baadae. Alikuwa na miaka 26.

Nje ya kazi alikuwa mtu wa jumuiya ya Kikatoliki iitwayo Sant'Egidio, anawahudumia maibobo, wale watoto wa mitaani wa Goma, anawatafutia shule na chakula. Papa Fransisko alipoenda Kinshasa Februari 2023 aliwatajia vijana jina lake pale uwanjani, na 15 Juni 2025 akatangazwa mwenyeheri (hatua ya mwisho kabla ya mtakatifu, nitaieleza hapo chini) kwenye Basilika la Mt. Paulo nje ya Kuta, Roma, maana Goma kwenyewe hali ya vita haikuruhusu.

Mimi nasema anza na huyu kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kusimama mbele ya kaunta fulani akaombwa kitu kidogo, au yeye ndo aliyekuwa upande wa pili wa kaunta. Na jina lake ni la Kiswahili, kakulia kwenye Kiswahili, ni ndugu yetu kabisa huyu.

Lakini huyo aliuawa kwa sababu ya mchele, sio kwa sababu ya dini. Inakuwaje aitwe shahidi wa imani?

Hili linaulizwa sana na ni swali zuri. Kanisa linaangalia vitu viwili, kwanza kwanini muuaji aliua, pili kwanini aliyeuawa hakurudi nyuma. Sio lazima muuaji aseme "kana Kristo la sivyo nakuua". Kama anachokichukia ni uadilifu, na huo uadilifu mtu kautoa kwenye imani yake, basi kachukia imani. Floribert aliwaambia watu wake wa karibu waziwazi kwamba ni imani yake ndo inamzuia kuchukua ile hela. Wachunguzi wakaenda na ushahidi huo, na Novemba 2024 Papa akakubali kwamba ni kifodini, yaani kifo cha kufia dini.

Yupo mwingine wa namna hiyohiyo, Benedict Daswa wa Afrika Kusini, na hadithi yake inatugusa pabaya zaidi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini huko Limpopo, baba wa watoto 8, huyo wa mwisho kazaliwa baba ameshakufa. Mwishoni mwa 1989 na Januari 1990 radi zikapiga sana kijijini nyumba zikaungua, wazee wakakaa kikao wakasema hii ni kazi ya mchawi lazima atafutwe, kila mtu achange randi 5 aende kuletwa mganga apige ramli. Daswa akasema radi ni kitu cha asili na mimi kama Mkristo sichangi. Randi 5 tu! Angeweza kuitoa akaenda zake nyumbani, ila alijua hiyo ramli ikishapigwa kuna bibi wa watu atatajwa na atauawa. 2 Februari 1990 anarudi na gari jioni akakuta magogo barabarani, alipotoka kuyaondoa wakamvamia kwa mawe, akakimbilia kwenye nyumba ya mama mmoja, wakamtisha yule mama kwamba watamuua, Daswa akatoka mwenyewe. Wakampiga rungu kichwani wakammwagia maji ya moto. Katangazwa mwenyeheri 13 Septemba 2015, sikukuu yake ni 1 Februari kwa sababu tarehe 2 ni Kutolewa Bwana Hekaluni.

Kwa nchi ambazo vikongwe bado wanauawa kwa macho mekundu, sielewi kwanini habari ya huyu mwalimu haihubiriwi kila mwaka.

Kuna tofauti gani kati ya mtumishi wa Mungu, mwenyeheri na mtakatifu?

Kesi ikifunguliwa jimboni mtu anaitwa Mtumishi wa Mungu, kwa kawaida inabidi ipite angalau miaka 5 tangu afariki. Jimbo linakusanya ushahidi, maandishi yake yote, watu waliomjua wanahojiwa kwa kiapo, mafaili yanapelekwa Roma. Papa akiridhika kwamba aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa anaitwa Mheshimiwa. Hapo sasa unasubiriwa muujiza mmoja uliotokea kwa maombezi yake, ukithibitishwa anakuwa mwenyeheri, na muujiza mwingine uliotokea baada ya hapo ndo unampeleka kuwa mtakatifu. Shahidi anasamehewa ule muujiza wa kwanza, damu yake inatosha, ila wa pili anaudaiwa kama wengine. Toka 2017 kuna njia nyingine pia, ya mtu aliyetoa uhai wake kwa hiari kwa upendo hata kama hakuuawa, mfano anaingia kuhudumia wagonjwa wa kuambukiza akijua atakufa, ila huyo muujiza anadaiwa.

Mwenyeheri anaadhimishwa sehemu zake, jimbo lake, nchi yake, shirika lake. Mtakatifu ni wa Kanisa zima.

Haikuwa hivi toka mwanzo. Karne nyingi waamini wenyewe na askofu wao ndo walikuwa wanamtambua mtu, Papa wa kwanza tunayemjua kumtangaza mtakatifu kwa utaratibu rasmi alifanya hivyo mwaka 993, na ofisi ya Roma ya kushughulikia kesi ikaundwa 1588. Kwahiyo wale wa zamani hutakuta muujiza wao umeandikwa kwenye faili lolote.

Wa kwanza kabisa Afrika ni nani?

Wa kwanza tulio na maandishi yao ni mashahidi 12 wa Scilli, wamehukumiwa Karthago, Tunisia ya leo, 17 Julai mwaka 180. Kumbukumbu ya kesi yao ipo, ni fupi kama ukurasa mmoja na inasisimua. Liwali wa Kirumi anawauliza kwenye huo mfuko wenu mna nini, Speratus anajibu ni vitabu na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Wakapewa siku 30 wafikirie upya, wakasema hakuna cha kufikiria. Wanawake walikuwemo, Donata, Vestia, Sekunda. Yaani karne ya pili, Waafrika wa kaskazini tayari wanatembea na barua za Paulo mfukoni, afu mtu anakuambia Ukristo ulikuja Afrika na mkoloni.

Miaka 23 baadae, mji uleule, wakafa Perpetua na Felista, hao unawasikia kwenye sala ya Ekaristi ya kwanza padre akiamua kuisali yote. Perpetua alikuwa mama wa miaka 22 ananyonyesha, na shajara aliyoandika gerezani imebaki mpaka leo.

Kuna mtakatifu aliyewahi kuwa jambazi?

Yupo, Musa Mweusi, wa karne ya 4. Mapokeo yanasema alikuwa mtumwa huko Misri, akafukuzwa kwa wizi, akawa kiongozi wa genge la majambazi, mtu wa miraba minne anayeogopwa bonde zima la Nile. Akaingia kwenye monasteri za jangwa la Sketi akabaki hukohuko, akawa mmonaki na padre. Siku moja wamonaki waliitisha kikao kumhukumu mwenzao aliyekosea, Musa akaitwa akachelewa, akaja amebeba chombo kinavuja maji njia nzima. Wakamuuliza nini hiki, akasema dhambi zangu zinachuruzika nyuma yangu wala sizioni, na leo nakuja kuhukumu kosa la mwingine. Kikao kikavunjika, yule ndugu akasamehewa. Waorthodoksi, Wakopti na Wakatoliki wote wanamheshimu, masalia yake yako monasteri ya Baramos, Wadi Natrun.

Nimesikia kuna mashahidi wa Mombasa, ni kweli?

Ni kweli, na inashangaza jinsi pwani yenyewe ilivyowasahau. Agosti 1631 sultani wa Mombasa Yusuf bin Hasan aliingia Fort Jesus akamuua kapteni wa Kireno, na siku zilizofuata Wakristo wa mjini wakauawa, wengi wakiwa wamepewa nafasi ya kubadili dini wakakataa. Hesabu inayotajwa ni watu kama 150, wakiwemo mapadre Waaugustino, Wareno, na Waafrika wa hapohapo pwani.

Ila tuwe wakweli, habari hii ina upande mwingine. Baba yake Yusuf aliuawa kwa njama za Wareno, mtoto akachukuliwa akalelewa Goa, India, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala huku maofisa wa Kireno wakimdharau. Kwahiyo kulikuwa na kisasi na siasa humo ndani na ndo sababu mojawapo kesi hii ni ngumu. Wale waamini wa kawaida lakini, hasa Waafrika, hawakuwa na ngome wala meli ya kukimbilia, walichagua tu. Kesi yao bado haijafika mwisho, ni Watumishi wa Mungu.

Isidore Bakanja ndiye nani? Naona picha yake na skapulari

Kijana wa Kongo ya wakati wa Wabelgiji, alikuwa anafanya kazi za ujenzi huko Mbandaka, akabatizwa na wamisionari Watrapisti 6 Mei 1906. Akapewa rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, vile vipande viwili vya kitambaa vinavyovaliwa shingoni kwa kamba, na hakuvivua tena, maana kwa wakati ule hiyo ndo ilikuwa inamtambulisha Mkristo. Akahamia Ikili kwenye shamba la kampuni moja, meneja Mzungu anachukia dini kupita kiasi kwa sababu Waafrika wakishajua kwamba wote ni watoto wa Mungu mmoja watakataa kupelekeshwa. Akamwambia avue, Isidore akagoma, akachapwa. Mara ya pili, Februari 1909, akachapwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, zaidi ya viboko 100, mgongo wote ukawa kidonda.

Miezi sita aliishi na vile vidonda vimeoza. Miezi sita! Mapadre walipokuja kumpa sakramenti wakamwambia amsamehe yule meneja, akajibu nimeshamsamehe, nikifika mbinguni nitamwombea sana. Akafa 15 Agosti 1909, siku ya Kupalizwa Bikira Maria, inasimuliwa kwamba aliinuka kitandani akatembea kidogo shambani na rozari mkononi, akarudi akafa. Mwenyeheri toka 24 Aprili 1994, sikukuu 12 Agosti.

Ukivaa skapulari ya kahawia umjue huyu.

Na Anuarite?

Anuarite anajulikana zaidi kidogo, kuna shule na kwaya za jina lake hata huku kwetu, hivyo nitasema kwa ufupi. Sista wa shirika la Jamaa Takatifu, mwenyeji wa Wamba, Kongo. Waasi wa Simba waliwachukua masista wa Bafwabaka mwishoni mwa Novemba 1964 wakawapeleka Isiro, kanali Olombe akamtaka kwa nguvu, akakataa, akapigwa akachomwa visu na kupigwa risasi usiku wa kuamkia 1 Desemba. Hajafikisha miaka 25. Akamwambia yule kanali nakusamehe maana hujui unalofanya. Na Yohane Paulo II alipomtangaza mwenyeheri Kinshasa 15 Agosti 1985, naye akamsamehe muuaji hadharani kwa niaba ya Kanisa, wakati huyo Olombe bado yupo hai.

Ambacho wengi hawajui ni kwamba siku 3 tu kabla yake, 28 Novemba 1964, vita hiyohiyo iliwaua wamisionari watatu Waksaveri, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didoné, pamoja na padre Albert Joubert, kule Baraka na Fizi, ng'ambo ya ziwa ukitokea Kigoma. Wametangazwa wenyeheri Uvira 18 Agosti 2024, na watu wa Kigoma sijui kama tulisikia hata tangazo.

Wapo wenyeheri vijana wadogo, wa kuwasimulia watoto wa Kipaimara?

Daudi Okelo na Jildo Irwa, Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Wamebatizwa siku moja huko Kitgum, 1 Juni 1916. Mwaka uliofuata katekista wa Paimol akawa hayupo, hawa wawili wakajitolea kwenda. Daudi ana kama miaka 16 hivi, Jildo hata 14 hajafika vizuri. Padre aliwaonya kwamba kule ni hatari, kuna uasi, akamuuliza Jildo wakikuua? Wakasema tutaenda mbinguni, na Antonio yupo kule tayari, wakimaanisha katekista aliyetangulia kufa. Kazi yao ilikuwa kupiga ngoma asubuhi, kuwafundisha watoto sala, kusaidia kulima mashambani. Oktoba 1918 wakachomwa mikuki. Daudi walimwambia aache kufundisha aende zake akakataa, na Jildo walimwambia kimbia, akasema tumefanya kazi moja, kama yeye mnamuua basi na mimi. Wenyeheri toka 20 Oktoba 2002.

Walimu wa Kipaimara tafadhalini, wasimulieni watoto hii.

Sista Irene Nyaatha alikuwa Mtaliano, mbona mnamhesabu wa kwetu?

Kwa sababu wenyewe wa Nyeri walishamhesabu zamani, hilo jina la Nyaatha wamempa wao, mama wa huruma. Aurelia Mercede Stefani, mzaliwa wa Anfo, Italia, 1891, sista wa Konsolata, kafika Kenya 1915 na hakurudi kwao tena.

Sehemu ya maisha yake ambayo Watanzania tunapaswa kuijua ni ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliwabeba Waafrika kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, wakawa wanakufa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na hospitali zao zilikuwa ni mabanda tu watu wamelazwa chini. Irene alihudumu kwenye hospitali hizo Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Anaosha vidonda ambavyo wengine hawavisogelei, anawalisha, anawafundisha kidogo, anawabatiza wanaoomba. Inasimuliwa kwamba huko Kilwa alirudi wodini akakuta mgonjwa wake mmoja hayupo, akaambiwa keshapelekwa kwenye maiti ufukweni, akaenda akamtafuta katikati ya maiti akamkuta bado anapumua.

Baada ya vita akapelekwa Gikondi, miaka 10 anafundisha shule na kutembea kwa miguu vilima vyote vile, anawaandikia kina mama barua za kwenda kwa watoto wao walioko mjini na kuwasomea majibu. Oktoba 1930 mwalimu mmoja akapata tauni, Irene akamhudumia mpaka mwisho, akaambukizwa, akafa 31 Oktoba. Miaka 39.

Muujiza wake umetokea Msumbiji, sio Kenya. Januari 1989, Nipepe, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, makatekista na familia zao walikuwa semina, waasi wakavamia, watu kama 270 wakajifungia kanisani siku kadhaa bila maji. Wakamwomba Sista Irene. Kulikuwa na maji ya ubatizo kwenye gogo lililochongwa, lita chache tu, wakanywa wote, wakaogesha hadi mtoto aliyezaliwa humohumo, yasiishe. Katangazwa mwenyeheri Nyeri 23 Mei 2015.

Kuna walei wanawake walioolewa? Wengi naona ni masista

Victoire Rasoamanarivo wa Madagaska, 1848 hadi 1894. Ukoo wa waziri mkuu kabisa, ndoa yake na mwanaume mlevi na mzinzi ilikuwa ya mateso, hata mkwewe mwenyewe alimshauri waachane, akabaki, akamwombea, na mume akabatizwa akiwa anakufa. Ila kikubwa ni hiki, 1883 mapadre wote walifukuzwa nchini, na miaka mitatu Wakatoliki wa Madagaska hawana misa, Victoire ndo aliyesimamisha Kanisa. Walikuta milango ya kanisa kuu Antananarivo imefungwa na askari wamesimama, akawaambia mkitaka kumwaga damu anzeni na yangu, wakampisha. Mapadre waliporudi 1886 walikuta waamini wapo, shule zipo, sala zinaendelea. Mwenyeheri toka 1989.

Ni Wakatoliki tu? Sisi Waanglikana hatuna?

Mnao. Bernard Mizeki, mzaliwa wa Msumbiji, katekista kwa Washona, kaambiwa akimbie kwenye vurugu za 1896 akagoma kuwaacha watu wake, akauawa 18 Juni, na kila mwaka maelfu wanahiji pale Marondera, Zimbabwe. Na Manche Masemola, binti wa Afrika Kusini aliyeuawa na wazazi wake wenyewe 1928 kwa kwenda mafundisho ya ubatizo. Sanamu yake ipo Westminster Abbey, London. Mama yake aliyehusika na kifo hicho alibatizwa mwaka 1969, miaka 41 baadae. Hapo mimi huwa nakosa cha kuongeza.

Tanzania tunaye mwenyeheri yeyote?

Bado. Tunao Watumishi wa Mungu, anayejulikana zaidi ni Mwalimu Julius Nyerere ambaye kesi yake ilifunguliwa na jimbo la Musoma, kama Kenya walivyo na Kardinali Otunga. Kumwomba binafsi nyumbani au kwenye jumuiya unaruhusiwa kabisa. Kisichoruhusiwa ni kumuita mtakatifu kwenye ibada, kumchora na mng'ao kichwani, kuweka picha yake altareni, au kuita kanisa kwa jina lake. Sio ushamba huo, ukiitangulia Roma unaweza kuiharibia kesi yenyewe.

Jumuiya yetu inaweza kumchukua mmoja wa hawa kuwa somo, yaani msimamizi wake?

Mtakatifu hamna shida. Mwenyeheri mwulizeni paroko kwanza, hasa kama ni wa nchi nyingine, ila kwa sala zenu za jumuiya, novena, kusimulia maisha yake, hakuna anayewazuia. Jumuiya kumi za parokia moja zikiitwa Mt. Maria na Mt. Yosefu sio vibaya, ila Floribert na Daswa nao wanahitaji watu wa kuwataja, maana bila watu kuwaomba hata huo muujiza unaosubiriwa utatoka wapi.

Nimeomba kwa mwenyeheri fulani nikapona, nifanye nini?

Mshukuru Mungu, afu andika. Andika tarehe ulianza kuomba lini, nani alikuwa anaomba na wewe, mlimwomba nani, kwa sababu mkiomba kwa watakatifu watano kwa pamoja haijulikani ni yupi. Mpelekee paroko, atapeleka jimboni, jimbo litamtafuta postulata, yaani msimamizi wa kesi hiyo. Roma madaktari ndo wanaoanza, wanataka uponyaji uwe wa ghafla, kamili, wa kudumu, na usio na maelezo ya kitabibu. Kwahiyo usitupe makaratasi ya hospitali, hasa vipimo na picha za eksirei za KABLA hujapona, maana watu wengi wanakuja na cheti kinachosema mzima halafu hawana kinachoonesha walikuwa wanaumwa nini.